Mjomba, gemu ninazo tele lakini hamu ya kucheza sina

Mjomba salaam aleikum, natumai u mzima wewe na wa nyumbani kwako wote. Mimi ni kijana wa Langoni hapa Amu, seremala, nafanya kazi na mzee wangu, na safu yako naisoma kwa simu kila ikitoka ila sijawahi kuandika. Leo naandika manake nina jambo ambalo nikimweleza mtu hapa mtaani ananicheka, ati watu wana shida za kweli wewe unaleta habari za gemu. Lakini mimi linaniuma wallahi na sina wa kumuuliza.

Gemu nacheza tangu niko mdogo. Zamani nilikuwa na PS4 ya mkono wa pili na CD za kuhesabu, nyengine za kuazima, unampa mtu yake anakupa yake mkimaliza mnarudishiana. Mwaka mmoja nikanunua Hollow Knight, ile gemu ya mdudu mwenye upanga anazunguka chini ya ardhi, nikamtumia pesa jamaa wa Mombasa kwa M-Pesa akanitumia kodi, yaani zile namba za kuifungulia, nikaidaunlodi kwa hotspot ya simu. Mimi na mtoto wa ami yangu tuliicheza hio gemu mpaka mamangu akawa anaujua muziki wake. Tulikuwa tunapokezana pad, mmoja akifa mwengine anashika, na mtoto wa ami alikuwa na daftari anachora njia, manake mle ndani ramani hupewi bure, mpaka umtafute yule mchora ramani, unamsikia anaimba peke yake kwa mbali ndio ujue yuko karibu. Tulipofika kwa wale Mantis Lords, maadui wakubwa wa mle ndani, tulikwama khaswa, tukilala tunawafikiria, na siku tuliyowapiga wakatuinamia vichwa kwa heshima tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Basi kakangu mkubwa ambaye yuko Dubai kikazi alipokuja likizo akaniletea Xbox Series S, mashine ya gemu ya Microsoft, na juu yake akanifungulia Game Pass Ultimate, ile huduma yao ya kulipa kwa mwezi ukacheza gemu zote za kwenye orodha, analipa yeye kwa kadi yake kila mwezi, akaniambia wewe cheza unachotaka, usinunue gemu tena. Mjomba nilifurahi nusura nilie. Gemu mamia, na sio za zamani tu, gemu mpya siku inayotoka duniani na mimi hapa Langoni ninayo. Indiana Jones siku ya kwanza, Avowed siku ya kwanza, Doom mpya siku ya kwanza, ile ya Wafaransa Clair Obscur pia siku ya kwanza.

Na hakuna hata moja niliyomaliza. Indiana Jones nilifika Vatikani nikaacha. Avowed sikumbuki hata nilifika wapi. Doom niliicheza usiku mmoja nikaifuta nipate nafasi ya nyengine, manake hii Series S hata kama imeandikwa GB 512 nafasi unayopata kweli ni kama 364, na gemu moja kubwa inakula mia nzima, kwa hio kila nikitaka mpya lazima nifute iliyoko, na nikishafuta siirudii, bando la kuidaunlodi mara ya pili nitatoa wapi. Na CD za watu pia siwezi kuazima tena kwa sababu Series S haina mahali pa kutia CD.

Lakini kilichonifanya niandike ni Silksong. Wewe mjomba naona unazijua gemu kwa hio utanielewa. Hio ndio gemu inayofuata baada ya Hollow Knight, walipoitangaza Februari 2019 mimi na mtoto wa ami tuliitazama trela yake mpaka tukaijua yote, na tukangoja, na tukangoja, kila mwaka mwaka huu inatoka haitoki. Mwisho ikatoka Alhamisi tarehe 4 Septemba 2025, saa kumi na moja jioni kwa saa zetu, ilikuwa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, na sikulipa hata shilingi manake ilikuwa ndani ya Game Pass siku hio hio. Mtoto wa ami akaja, mamangu akatuletea chai na mahamri, tukaanza. Sasa huyu Hornet, ndiye unayemchezesha humo, akipiga chini hapigi wima kama yule wa kwanza, anapiga mshazari, vidole vyangu vikakataa, nikaanguka kwa miba, nikafa, nikafa tena, na nikajikuta nimebonyeza kitufe nimerudi kwa ile orodha naangalia kuna nini kingine. Gemu niliyoingoja miaka sita mjomba! Mtoto wa ami akaniuliza unafanya nini, sikuwa na jibu. Tukacheza kidogo tena akaenda zake, na mpaka leo sijaifungua.

Na sio kwamba nimechoka na gemu, manake jioni nikipita pale kwa kibanda cha PS nikakaa na vijana kupiga FC, ile gemu ya mpira, nafurahi vizuri sana, nacheka, napiga kelele, naudhika nikifungwa. Nikirudi nyumbani kwa gemu mamia zangu naketi na pad mkononi napitisha tu picha, hii hapana, hii kesho, mwisho naenda YouTube kutazama mtu mwengine akicheza gemu hizo hizo ambazo mimi ninazo!

Sasa Oktoba hio baada ya Silksong bei ya Game Pass ikapanda, kakangu akanipigia akaniuliza kwa vizuri tu, vipi lakini unaicheza? Sikujua nimjibu vipi. Mtoto wa ami anasema kitu cha bure hakikataliwi, mtu anayekataa Game Pass ya kulipiwa ana wazimu, na kama mimi siitaki basi nimpe yeye hio akaunti. Mimi nina miaka 27, labda umri wangu wa gemu umepita, au ni hii habari ya kulipa kwa mwezi ndio imeniharibia, sijui. Na kakangu nimwambie nini bila kumvunja moyo, manake alinipa kwa mapenzi. Nisaidie mjomba.

Kijana wa Langoni


MJOMBA ANAJIBU

Waaleikum salaam mpwa wangu. Wanaokucheka waache wacheke. Mtu anayeshinda na randa na patasi mchana kutwa ana haki ya kuifurahia jioni yake, na kitu kilichokuunganisha na mtoto wa ami yako miaka yote hio sio kitu kidogo. Umeandika vizuri, na jibu lako kubwa umelitia mwenyewe ndani ya barua, pale uliposema kuhusu kibanda cha PS, kwa hio nitaanzia hapo.

Umri haujapita. Mtu ambaye hamu ya gemu imemtoka hakai kibandani akapiga kelele kwa sababu ya goli. Angalia vizuri pale kibandani kuna nini ambacho nyumbani hakipo. Pale umelipa mechi yako, kuna mtu nyuma yako anangoja zamu, mpinzani yuko ubavuni kwako, na ukishika pad hio mechi utaicheza mpaka filimbi ya mwisho hata kama umeshafungwa tatu. Hakuna anayesimama dakika ya 20 akasema hebu tubadilishe tuweke gemu nyengine, watamfukuza. Kwa hio unaingia ndani ya mechi mzima mzima, akili yote, na raha inapatikana huko ndani. Nyumbani kwako mlango wa kutokea uko wazi kila dakika, na nje ya mlango kuna mamia ya gemu zinakuita.

Na hapa ndipo naona hizi huduma za kulipia kwa mwezi zinawaumiza wachezaji bila wao kujua, manake wengi hulaumu gemu, ati siku hizi gemu ni mbovu. Saa ya kwanza ya gemu karibu yoyote ndio saa yake dhaifu! Saa ya kwanza unafundishwa vitufe, unaambiwa huyu nani yule nani, ruka hivi, kwepa hivi, vidole havijui kitu na stori haijashika. Utamu unakuja vidole vikishajua, ukishaacha kufikiria kitufe ukaanza kumfikiria adui. Sasa mtu wa kulipia kwa mwezi anaishi kwenye saa za kwanza tu. Anafungua hii anafundishwa kuruka, anaichoka, anafungua ile anafundishwa kuruka tena, mwaka unaisha amefundishwa kuruka mara thelathini na hajawahi kufika mahali pa kutumia alichofundishwa, anakuwa kama mtu anayeonja kila sufuria jikoni halafu anakaa kwa sinia hana njaa na hajala.

Ukinunua gemu kwa pesa yako, pesa ile inakufungia mlango kidogo. Wataalamu wa uchumi watakwambia huo ni ujinga, pesa ikishatoka imetoka, kwa nini ujilazimishe. Mimi sikubaliani nao kwenye gemu. Kwenye gemu ile "nimeshalipa bwana, wacha nijaribu tena" ndio inayokuvusha ile saa ya kwanza mbovu. Wewe na mtoto wa ami yako mlipokwama kwa Mantis Lords, kama siku ile mngekuwa na orodha ya mamia pembeni, unadhani mngewapiga? Mngewaacha pale pale, na zile kelele zilizomwamsha jirani zisingekuwepo.

Kulipia gemu kwa mwezi kwenyewe sio kitu kipya. Marekani mwaka 1994 Sega walianzisha Sega Channel, gemu zinapitia kwa waya wa televisheni ya kulipia, kila mwezi zinabadilishwa, ikaendelea mpaka 1998. Na Game Pass ilipoanza Juni 2017 kwa dola 9.99 na gemu zaidi ya 100 haikumharibia mtu raha ya gemu mpya, kwa sababu nyingi zilikuwa gemu zilizoshatoka zamani, mpya ukiitaka bado unanunua. Kilichobadilisha mambo ni Januari 2018, Microsoft waliposema gemu zao zote mpya zitaingia humo siku ile ile zinapotoka, wakaanza na Sea of Thieves Machi mwaka huo. Tangu hapo gemu mpya ikapoteza siku yake. Zamani gemu mpya ilikuwa na siku yake, unaingoja, unaiwekea pesa, unaipisha vitu vingine, ikija ndio imekuja. Sasa inakuja imepangwa safu moja na nyengine ishirini, na baada ya wiki mbili hivi wanatangaza orodha nyengine, kwa hio hata ile mpya inazeeka kabla hujaizoea. Juu yake wanakupa pointi ukicheza gemu kadhaa kadhaa, sasa mtu anacheza dakika chache achukue pointi afunge. (Hizo pointi mpwa wangu ziache kabisa, zinakufundisha tabia mbaya.)

Wenye PlayStation mnaosoma hapa, kwenu ni tofauti kidogo. PS Plus, huduma ya Sony ya kulipia, tangu 2022 ina daraja tatu, na zile gemu kubwa za Sony wenyewe kwa kawaida haziingii siku ya kwanza, zinakuja baadaye, kwa hio gemu mpya kwenu bado ina heshima yake ya kununuliwa. Lakini ile tabia ya kupitisha picha usiku kucha hata nyinyi mnayo, naipata kwa barua zenu.

Sasa nimtetee mtoto wa ami yako pia, manake hajakosea yote. Hizi huduma zina kheri yake na mimi nimeiona. Januari 2023 gemu moja inaitwa Hi-Fi Rush ilitangazwa na ikatoka siku hio hio, hakuna aliyekuwa akiijua, mapigano yake yanafuata mdundo wa muziki, na watu wengi waliijaribu kwa sababu tu ilikuwa mle ndani wameshalipia, wakaipenda sana. Nani angetoa elfu kadhaa kununua gemu ambayo jana hakuijua? Kwa kijana ambaye hana pesa ya gemu moja, au mtu anayependa kujaribu vitu vya ajabu ajabu, ni mlango mzuri. Na hata Clair Obscur uliyoitaja, ilikuwa Game Pass siku ya kwanza Aprili 2025 na bado waliouza walisema kopi milioni moja zimenunuliwa ndani ya siku tatu, kwa hio watu wakitaka kitu khaswa bado wanakinunua. Kuna wachezaji wenye nidhamu yao, wanaingia wanachagua moja wanaimaliza wanatoka, hao Game Pass haiwadhuru. Wewe kwa ulivyoeleza sio mtu wa namna hio. Wewe ni mtu wa gemu moja, unaingia ndani, unakaa mpaka unaijua kila kona, na unapenda kuwa na mwenzako ubavuni. Hilo sio kosa wala ushamba, ndivyo ulivyo, na zawadi uliyopewa imekatwa kwa kipimo cha mtu mwengine.

Tuzungumze pesa kidogo halafu tuache. Oktoba 2025 Ultimate ilipanda Marekani kutoka dola 19.99 mpaka 29.99 kwa mwezi. Hio kwa pesa yetu ilikuwa karibu 3,900, na kwa mwaka ilipita 46,000. Sijui kakako anakatwa kwa bei ya nchi gani lakini hata iwe pungufu bado ni pesa nyingi kwa mtu aliye mbali na kwao. Silksong unayoilia inauzwa dola 20, kama 2,600 hivi. Yaani mwezi mmoja wa Ultimate unainunua hio gemu na chenji inabaki, na ikawa yako, hakuna wa kuitoa kwenye orodha. Manake hilo pia sikuoni umelitaja, gemu za mle ndani zinaingia na kutoka, GTA V imeshaingia na kutoka mara kadhaa, na mtu aliyekuwa katikati anaambiwa gemu hii inaondoka baada ya wiki mbili, akimbizane nayo au anunue. Gemu unayoipenda usiicheze kwa wasiwasi hivyo.

Kwa hio mpwa wangu, hivi ndivyo ningefanya ningekuwa wewe. Nunua Silksong, na inunue kwa pesa yako ya useremala, sio ya kakako, au changieni nusu kwa nusu na mtoto wa ami. Ulipofika hapatapotea, seivu yako imefungwa kwa akaunti yako, ukinunua inaendelea pale pale, ingawa kwa ulivyocheza kidogo mimi ningeanza upya. Halafu futa kila kitu kingine kwa hio Xbox, kila kitu, iwe ukiwasha unaona picha moja tu. Najua GB zako zilikula bando na roho itauma, lakini ukiziacha utazifungua. Silksong yenyewe sio nzito, itakaa na nafasi itabaki kubwa tupu, iache tupu.

Na mwite mtoto wa ami yako na daftari lake. Hilo nimelisoma kwa barua yako mara mbili nikaona hapo ndipo penye jambo lenyewe, nyinyi gemu hio mlikuwa mnaicheza wawili, na Game Pass imekufanya uicheze peke yako hata akiwa amekaa hapo hapo, manake alipokuwa anakutazama wewe ulikuwa unatazama orodha. Mrudie kwa utaratibu wenu ule ule, akifa huyu anashika huyu. Ramani za Silksong anauza mwanamke mmoja anaitwa Shakra, naye pia utamsikia akiimba kabla hujamwona, kwa hio kazi ya daftari ipo. Ule mshazari wa Hornet umewatesa wengi, hujachakaa vidole, vipe muda tu vitazoea, na kama havikuzoea kabisa mle ndani kuna kresti zinazobadilisha mapigo yake, ukiipata ya Wanderer anapiga chini wima kama yule mdudu wako wa zamani. Rosari zako, zile pesa za mle ndani, zifunge kwa uzi kabla hujaenda kwa bosi, yaani adui mkubwa, zilizofungwa hazidondoki ukifa. Na ujue kwamba mwezi huo huo wa Septemba waliotengeneza, wale watu wachache wa Team Cherry huko Australia, walitoa apdeti wakapunguza ugumu wa mabosi wawili wa mwanzoni, Moorwing na Sister Splinter, kwa hio hata wao waliona palikuwa pamezidi.

Mkikwama, zimeni, nendeni mkakae Mkunguni mpunge upepo, mrudi kesho yake kwa bosi yule yule. Marufuku yangu ni moja tu, mkikwama msifungue gemu nyengine. Hamu inakua pale pale mlipokwama, ukienda kwa gemu nyengine unaikata kabla haijakomaa.

Hio ya kumpa mtoto wa ami akaunti, hapana. Huduma hio imelipiwa na kakako kwa kadi yake, sio yako kugawa, na kama kijana anaitaka akamwombe mwenyewe kwa adabu.

Sasa kakako. Hapa ndipo naona umebeba mzigo mkubwa kuliko unavyostahili. Yeye alikuuliza kwa vizuri, unaicheza? Mtu anayeuliza hivyo ameshaanza kuhisi, na mjibu ukweli, tena kwa sauti sio kwa meseji, manake meseji itasomeka kama huna shukrani. Anza na Xbox. Mwambie kaka hii mashine ndio zawadi, naitumia na nitaitumia, Mungu akuzidishie. Halafu mwambie hii ya kila mwezi ni nyingi kuliko mimi, gemu zinanishinda wingi, nataka moja niicheze nimalize, na ile pesa naona heri ukae nayo au mara moja moja ikija gemu kubwa tuinunue tuwe nayo. Hakuna kaka atakayevunjika moyo kwa maneno hayo, kitakachomuuma ni kujua baada ya miaka miwili kwamba alikuwa analipia kitu kinachokukosesha raha na wewe umenyamaza kwa kumwonea haya. Na mwambie habari za Silksong pia, mwambie mlipofika, maskini yuko Dubai anarudi chumbani usiku hana hata mtu wa kuzungumza naye habari za nyumbani.

Akisema hapana, lazima uwe na kitu, basi aishushe. Tangu Oktoba hio ya 2025 kuna daraja za chini, Essential ilikuwa dola 9.99 na Premium 14.99, na hio Essential inatosha kabisa kucheza mtandaoni gemu ulizonunua. Gemu za bure kama eFootball hazihitaji hata hio. Na siku ikitoka gemu unayoitaka khaswa na iko Game Pass, kulipa mwezi mmoja tu, ukacheza ukamaliza ukatoka, hilo halina ubaya wowote, tena hapo ndipo huduma hizi zinapokuwa rahisi kweli kweli. Ubaya ni kuiacha ikijilipa yenyewe mwezi baada ya mwezi huku wewe unatazama YouTube.

Kwa hio wiki hii piga simu, muulize tarehe anayokatwa, na azime ile ya kujilipia yenyewe kabla ya hio tarehe. Gemu zitaendelea kufunguka mpaka mwezi aliolipia uishe, na katika siku hizo zilizobaki mpwa wangu usidaunlodi kitu chochote kipya, hata kikiwa kizuri vipi, hata wakisema kinaondoka.

Mjomba